Maji ya mabwawa ya samaki: dawa ya moto ni moto

Ufugaji wa samaki ulishika kasi Kakamega tangu mwaka 2009, serikali ilipogharamia uchimbaji wa mabwawa 200 katika kila eneo bunge lililoteuliwa. Tilapia na kambare wakawa kitoweo na biashara. Swali ninalotaka tuulizane ni hili: bwawa likifunguliwa, maji yale huenda wapi?

Huenda mtoni. Isiukhu huingia Nzoia, nao Nzoia huingia Ziwa Victoria. Maji hayo hubeba mengi, kwani sehemu kubwa ya nitrojeni iliyomo kwenye chakula cha samaki haigeuki nyama. Hutoka mashavuni mwake kama amonia, au kama kinyesi, pamoja na fosforasi. Hiyo ni mbolea. Ikizidi ziwani huotesha sianobakteria, vile vijidudu vya kijani-buluu vinavyotanda juu ya maji kama rangi iliyomwagika. Wavuvi wa Ghuba ya Winam wanavijua. Baadhi ya aina zake, kama Microcystis, hutoa sumu, na vikioza humaliza hewa majini, samaki wakafa.

Lakini dawa ya moto ni moto. Vijidudu hivyo vikikuzwa kwa makusudi katika tangi la pembeni lenye jua la kutosha, hula amonia na fosforasi kabla maji hayajafika mtoni. Sharti aina ichaguliwe. Anabaena huweza kuvuta nitrojeni ya hewani, hivyo ikaongeza kile tunachotaka kupunguza. Spirulina, chakula cha heroe wa Ziwa Nakuru, haina tabia hiyo, ila hupenda maji ya magadi. Kwa hivyo maji ya Kakamega yatahitaji kutengenezwa kwanza.

Jambo kubwa zaidi ni kuvuna. Vikiachwa vife tangini, uchafu wote hurudi majini na kazi inakuwa bure. Spirulina huchujwa kwa kitambaa, ikakaushwa, na huweza kuchanganywa katika chakula cha samaki.

Sisi wa Pwani jambo hili si geni. Mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, Kwale, hukua kwa kunyonya virutubisho hivyo hivyo kutoka baharini, na huvunwa vivyo hivyo.

Kwa hivyo anayechimba bwawa, liwe la tilapia Kakamega au la mwatiko Kilifi, naomba apange pia mahali pa kuyasafisha maji kabla ya kuyaachia. Aliye chini ya mto naye anayategemea.