Magomeni Kota: Nani Alilipa Kodi ya Kusubiri?

Kaya 644 zilipohamishwa Magomeni Kota, wilayani Kinondoni, ziliondoka na ahadi: patajengwa nyumba mpya papo hapo, na wao ndio watakaorudi. Ahadi ilitimia. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika pale na kuagiza ujenzi uanze. Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) wakajenga, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua nyumba 656 za ghorofa. Ni jambo la kupongezwa kwa dhati, maana mijini kwetu ni nadra aliyebomolewa kurudi palepale alipotoka.

Lakini tangu kubomolewa hadi kukabidhiwa funguo ilipita karibu miaka kumi. Watu hawa walikuwa wakilala wapi?

Walipanga, kama anavyopanga kila mtu Dar es Salaam. Hapa mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye ana chake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Anayelipa kwa miezi sita sita, ndani ya miaka kumi hulitafuta fungu hilo mara 20. Kodi ikimsukuma kutoka Magomeni, jirani kabisa na Kariakoo, hadi Mbagala au Chanika, inaongezeka nauli, watoto wanahama shule, na mama lishe anaanza upya kutafuta wateja. Na katika kaya 644, miaka kumi haipiti bila misiba. Wapo waliozikwa wakiwa bado wapangaji kwa watu. Gharama hizi hazionekani popote katika hesabu za jengo, ilhali bila wao kuzibeba jengo lisingekuwepo.

Kenya walijaribu njia nyingine. Kabla ya kubomoa Soweto Mashariki, Kibera, Serikali ilijenga kwanza maghorofa ya muda Lang'ata, na Septemba 2009 wakazi wakaanza kuhamia. Hilo lilikuwa wazo jema. Ila kesi mahakamani ilichelewesha ujenzi, na nyumba 822 za awamu ya kwanza zikakabidhiwa mwaka 2016. Kwa miaka hiyo saba familia mbili au tatu zilibanana katika nyumba moja, zikichangia jiko na choo.

Kwa hiyo makazi ya muda peke yake hayatoshi kama muda wenyewe hauna kikomo. Kota na mitaa mikongwe bado ipo Temeke, Ilala na Kinondoni, na zamu yake itafika. Ewe mpangaji, siku watakapokuja kuhesabu kaya, usiishie kuuliza utarudi lini. Dai iandikwe kwenye mkataba: utahamia wapi, nani atalipa kodi ya huko, na tarehe ikipita bila ufunguo, nani ataendelea kuilipa. Na halmashauri isiliruhusu greda kuingia kabla majibu hayo hayajatiwa saini.