Mtoto Aliyezaliwa na Mdomo Uliopasuka

Mtoto amezaliwa, na wanawake waliokuja kumwona wananyamaza, maana mdomo wake wa juu umepasuka mpaka puani. Mtoto mwingine mdomo wake ni mzima, lakini ukitazama ndani utaona tundu katika kaakaa, yaani dari ya kinywa. Ndipo watu huanza kunong'ona: mama alimcheka kilema, au alikula chakula cha mwiko, au amelogwa. Baba na mama, msikubali maneno hayo.

Mdomo hufanyika namna gani?

Uso wa mtoto hujengwa kwa vipande vinavyokua kutoka pande mbili na kukutana katikati. Mdomo wa juu hukamilika karibu na juma la 7 la mimba. Vipande viwili vya kaakaa kwanza huinama kando ya ulimi. Halafu ulimi hushuka, navyo huinuka, hulala juu yake na kushikamana. Kazi hiyo huisha karibu na juma la 12. Visiposhikamana, ufa hubaki. Katika watoto 700 hivi, mmoja huzaliwa na ufa wa namna hii, nao huonekana katika mataifa yote.

Kwa nini havishikamani?

Ndani ya mwili mna jeni, ndizo maagizo tuliyorithi kwa baba na mama. Jeni moja, iitwayo CDH1, huagiza gundi inayoshikamanisha seli, yaani vijumba vidogo vinavyojenga mwili. Mwaka 1998, huko New Zealand, wataalamu waliona jeni hiyo imeharibika katika ukoo wa Wamaori ambao wengi walikufa kwa kansa ya tumbo. Baadaye, katika baadhi ya koo za namna hiyo, walionekana pia watu wenye mdomo uliopasuka.

Tena, jeni nzima yaweza kufungwa. Mwili hubandika juu yake alama ndogo ziitwazo methili, kama kufuli mlangoni: maagizo yamo, lakini hayasomwi. Katika kansa nyingi kufuli hizo zimewekwa mahali pasipofaa. Mwaka 2017 wataalamu wa Brazili na Uingereza walichunguza jamaa ambamo watu walirithi CDH1 iliyoharibika, lakini wengine walizaliwa na ufa na wengine bila ufa. Wenye ufa walikuwa na alama nyingi zaidi juu ya jeni hiyo.

Usiogope kwamba mtoto wako atapata kansa, maana koo hizo ni chache. Sababu za ufa ni nyingi, nazo hukutana pamoja: urithi, moshi wa tumbako, pombe, na dawa fulani za kifafa. Uchawi haumo.

Ufanye nini?

1. Mlishe. Mtoto mwenye tundu katika kaakaa hawezi kunyonya kwa nguvu, na maziwa hutoka puani. Njaa ndiyo itakayomwua, si ufa. Kamua maziwa yako katika kikombe safi. Mshike mtoto wima, umnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Mcheulishe mara nyingi.

2. Mlete kwa daktari upesi, apimwe uzito kila juma. Mdomo hushonwa akiwa na miezi 3 hivi, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18, ili ajifunze kusema vema.

3. Kabla ya kushika mimba nyingine, omba hospitalini vidonge vya foliki. Kula maharagi na lengalenga, wala usiipike mboga mpaka iishe nguvu. Acha tumbako na pombe. Ukimeza dawa ya kifafa, usiiache peke yako, bali mwulize daktari.

Usimfiche mtoto nyumbani kwa haya. Daktari hawezi kumshona mtoto aliyekonda kwa njaa. Anza leo na kijiko na kikombe, kisha umlete.