Ukiumwa na macho, kagua kwanza herufi za kitabu chako

JE, baada ya kusoma kitabu kwenye simu kwa nusu saa macho yako huwasha, paji la uso huuma na mistari huanza kuingiliana? Ikiwa jibu ni ndiyo, huenda tayari umeanza kuhesabu pesa za miwani. Ngoja kidogo. Kabla ya kuyalaumu macho, mpendwa msomaji, kitazame kwanza hicho kitabu. Herufi zake zina ukubwa gani? Mistari yake imesongamana kiasi gani? Je, hukulazimu kuisukuma skrini kushoto na kulia ili umalize sentensi moja?

Hapa Soy ninakofanyia kazi, kwenye barabara kuu ya kutoka Eldoret kwenda Kitale, malalamiko haya hayaletwi tena na makarani na washonaji pekee. Huletwa na mwalimu anayeandaa masomo yake kwenye simu, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa KCSE kwa kitabu alichotumiwa kupitia WhatsApp, na mkulima wa mahindi anayesoma mwongozo wa kupambana na viwavijeshi. Wote huuliza swali moja: "Daktari, simu inaniharibu macho?" Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo ninalotaka kukupa leo.

Kinachochosha macho

Ndani ya jicho mna lenzi. Unapotazama kitu cha karibu, msuli mdogo unaoizunguka hujikaza na lenzi hunenepa ili picha itulie. Mtoto wa miaka 10 hufanya hivyo bila kuhisi lolote. Lakini kadiri miaka inavyosonga, lenzi hukakamaa, na kuanzia miaka 40 hivi utamwona mtu akiurefusha mkono ili asome ujumbe. Huo si ugonjwa. Ni umri tu, kama mvi. Nami ni mmoja wao.

Umbali nao una hesabu yake. Ukiisogeza simu kutoka sentimita 40 hadi sentimita 20 mbele ya uso, kazi ya lenzi huongezeka maradufu. Na ni nini humfanya mtu aisogeze simu? Aghalabu ni herufi ndogo.

Jambo la pili ni kupepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, na kila mara ukope hulipaka jicho machozi mapya. Tunapoikodolea skrini, idadi hiyo inaweza kushuka hadi chini ya nusu. Jicho hukauka, huwasha, na ajabu ni kwamba baadaye hutoa machozi mengi ya kujitetea. Huku kwetu nyanda za juu, kati ya Januari na Machi, upepo mkavu na vumbi la mashambani huzidisha tatizo hilo. Kadiri maandishi yanavyokuwa magumu kusomeka ndivyo unavyoyakodolea, na ndivyo unavyopepesa kidogo.

Karatasi kubwa, skrini ndogo

Vitabu vingi vinavyosambazwa kwenye simu ni vya aina ya PDF. Aina hii ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na lengo lake lilikuwa jema: ukurasa uonekane vile vile popote unapofunguliwa. Huo ndio uzuri wake kwa mchapishaji, na huo ndio ubaya wake kwako wewe mwenye simu.

Chukua karatasi ya kawaida ya ofisini, ile ya A4. Upana wake ni sentimita 21. Upana wa skrini ya simu nyingi ni kama sentimita 7. Ukurasa huo ukibanwa uenee kwenye skrini, kila herufi hupungua hadi thuluthi moja. Herufi ya pointi 12, ambayo kwenye karatasi husomeka vizuri, hubaki pointi 4. Linganisha na mwongozo wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2009, unaotaka vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya paketi za dawa visichapishwe kwa herufi zilizo chini ya pointi 9. Yaani kitabu unachosoma usiku kina herufi ambazo ni ndogo kuliko nusu ya zile za kikaratasi cha dawa, ambacho wewe mwenyewe hukitupa ukisema hakisomeki.

Utasema, "Lakini naweza kuikuza kwa vidole viwili." Kweli. Ila ukiikuza, mwisho wa mstari hutoka nje ya skrini. Utasukuma kulia, kisha urudi kushoto kuutafuta mstari unaofuata, na mara nyingi utaangukia usio wenyewe. Baada ya kurasa kumi shingo imekaza na hukumbuki ulichosoma.

Aina nyingine huitwa EPUB, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2007. Hii haina ukurasa mmoja uliogandishwa. Maneno hutiririka kama maji na kuchukua umbo la chombo: ukikuza herufi, mistari hujipanga upya na hakuna neno linalopotea nje. Kwa mtu aliyevuka miaka 40, tofauti ya aina hizi mbili inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya simu ya bei nafuu na ya bei ghali.

Mpangilio mbaya unapohatarisha maisha

Kuumwa na kichwa ni jambo dogo. Kuna makubwa. Mama mmoja alinijia na mtoto wa miezi mitatu mwenye homa, uzani kilo 5. Mkononi alikuwa na chupa ya paracetamol ya maji ya mililita 60, na kwenye simu yake kijitabu cha afya ya watoto kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Katika jedwali la vipimo, nukta ilikuwa imefifia. Mahali palipopaswa kusomeka mililita 2.5 yeye alisoma 25. Hiyo ni mara kumi ya kipimo. Alichogutukia ni kwamba chupa ingekwisha kabla ya siku kuisha, na akili hiyo ndiyo iliyomwokoa mtoto, kwa kuwa dawa hiyo ikizidi huharibu ini. Hakuwa amempa hata tone.

Mama huyo anajua kusoma vizuri. Kosa lilikuwa la ukurasa. Ndiyo maana sisi madaktari hufundishwa tuandike 0.5 wala si .5, na 5 wala si 5.0, kwa sababu nukta ni kitu chepesi kupotea. Vile vile kuna herufi zinazofanana mno: L ndogo, I kubwa na tarakimu 1 huwa kama mapacha katika baadhi ya aina za herufi. Nalo jedwali likikatwa katikati na skrini, safu ya uzani hubaki juu na safu ya kipimo huteremka, na msomaji huoanisha visivyooana. Kwa hiyo usimpe mtoto dawa kwa kutegemea jedwali la kwenye simu peke yake. Linganisha na maandishi ya kwenye chupa, na ukiona yanatofautiana, muulize mwuza dawa au tabibu.

Kiswahili nacho kina mahitaji yake

Maneno yetu ni marefu. "Hazitawatosheleza" ni neno moja la herufi 17. Kwenye mstari wa herufi 30, kama zinavyokuwa nyingi za simu, neno hilo limekula zaidi ya nusu. Sasa programu ikilazimisha kingo zote mbili za ukurasa zinyooke kama kwenye gazeti, maneno mawili au matatu yatatawanywa na kuacha mapengo meupe yanayoteremka ukurasa mzima kama njia za mchwa. Jicho huruka mapengo hayo na kuchoka. Maneno ya Kiswahili hukatika kwa urahisi, kwa maana silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu: ki-ta-bu, da-wa. Lakini programu isiyofundishwa Kiswahili aidha haikati kabisa, au hukata kwa kanuni za Kiingereza na kuliacha neno likiwa halitambuliki.

Halafu kuna king'ong'o cha ng'ombe na ng'ambo. Baadhi ya programu huweza kudhani alama hiyo ni ya usemi na kuigeuza, na nyingine huliangusha nusu ya neno kwenye mstari unaofuata. Msomaji hujikwaa, hurudi nyuma, na kila kurudi ni kazi nyingine kwa macho.

Ufanye nini?

Kwanza, kabla ya kununua au kupakua, tafuta kitabu cha EPUB kuliko PDF. Ukikosa, ilaze simu kwa upande ili upana uongezeke, au kisomee kwenye tarakilishi.

Pili, tafuta alama ya Aa katika programu yako ya kusomea. Kuza herufi hadi uweze kusoma bila kukunja uso simu ikiwa sentimita 40 kutoka machoni, yaani karibu urefu wa mkono toka kiwiko hadi ncha za vidole. Usione haya kwamba ukurasa utakuwa na maneno machache.

Tatu, achanisha mistari. Kanuni za kimataifa za kuwezesha watu wote kusoma kwenye mtandao, zilizotolewa mwaka 2008, hupendekeza nafasi ya mstari mmoja na nusu, mstari usiozidi herufi 80, na ukingo wa kulia uachwe bila kunyooshwa. Fuata hayo.

Nne, mwangaza wa skrini ulingane na wa chumba. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe yanaweza kupendeza, lakini husumbua. Chagua nyeusi juu ya nyeupe, au juu ya rangi ya maziwa.

Tano, kila baada ya dakika 20 inua kichwa utazame kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, huku ukipepesa kwa makusudi. Mti wa jirani unatosha.

Miwani ipi, na daktari lini?

Kuna wanaouziwa kwa bei kubwa miwani ya kuzuia mwanga wa buluu wa simu. Uchunguzi wa jopo la Cochrane wa mwaka 2023, uliokusanya tafiti kadhaa, haukupata ushahidi kwamba miwani hiyo hupunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa tarakilishi. Tunza pesa zako.

Miwani ya kusomea ni jambo jingine. Utafiti uliofanyiwa wachuma chai wa Assam, India, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza mavuno yao kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wasiopewa. Ikiwa umevuka 40 na hata herufi kubwa hazitulii, pimwa macho. Usiazime miwani ya shemeji.

Na usingoje hata siku moja ukiona haya: jicho jekundu linalouma, uwezo wa kuona kupungua ghafla, vimulimuli kama radi, au pazia jeusi upande mmoja. Mwenye kisukari na achunguzwe macho kila mwaka, hata kama anaona vyema. Mboni ya mtoto ikionekana nyeupe, mpeleke hospitali mara moja.

Neno kwa wanaovitengeneza

Tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kusambaza tabuleti katika shule za msingi, watoto wetu wamekuwa wakisoma kwenye skrini wakiwa wadogo kabisa. Mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaowezesha vitabu kutengenezwa kwa njia zinazosomeka na wasioona na wenye uoni hafifu bila kukwamishwa na haki za uchapishaji. Lakini kitabu kilichopigwa picha hakisomwi hata na mashine ya kumsomea kipofu kwa sauti, mpaka maneno yake yatolewe kwanza kwenye hiyo picha.

Kwa hiyo, mwalimu mkuu, kasisi, imamu, afisa wa afya wa kaunti, au wewe unayewaandikia wanachama wa chama chako: kabla ya kutuma kijitabu, kifungue kwenye simu ndogo zaidi unayoweza kuipata, kisha mpe mtu wa miaka 50 asiye na miwani akusomee kwa sauti ukurasa wenye tarakimu. Akikosea hata nukta moja, kirekebishe kabla hakijatoka mkononi mwako.