Kutoka Nyasubi hadi Deadwood: mji wa dhahabu baada ya dhahabu kuisha

Picha niliyotuma nyumbani ilikuwa ya shimo. Kuta zake zimekatwa ngazi ngazi, mwamba wa kijivu umechanganyika na udongo wa rangi ya kutu, na juu kwenye ukingo zimejipanga nyumba za watu. Baba mdogo, anayeishi Nyasubi pale Kahama, alinijibu kwa sauti kabla sijaandika maelezo: “Kumbe umeshafika? Mbona unapita Buzwagi bila kuja kutusalimia?”

Sikuwa Buzwagi. Nilikuwa Lead, mji mdogo kwenye milima ya Black Hills, jimbo la South Dakota, mwendo wa kilomita tano hivi kutoka Deadwood. Lakini baba mdogo hakukosea sana. Bulyanhulu, Buzwagi na shimo lile la Lead yote yamewahi kuwa mikononi mwa kampuni moja. Barrick ya Kanada iliingia Kahama mwaka 1999 kwa kuinunua kampuni iliyomiliki Bulyanhulu. Mwaka 2001 mgodi wa Bulyanhulu ukafunguliwa, na mwaka huohuo Barrick ikainunua Homestake, kampuni iliyokuwa ikichimba Lead tangu karne ya 19. Kwetu ndiyo kwanza wanafungua, huku wanafunga: ilipofika mwanzoni mwa 2002 uchimbaji wa Lead ulikuwa umekoma.

Sisi tunaoishi Sioux Falls, upande wa mashariki wa jimbo hilohilo, tunaijua Deadwood kama mahali pa kwenda kubadilisha hewa mwisho wa wiki. Ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kuu ya I-90: unavuka mto Missouri pale Chamberlain, unakula nyanda tupu kwa saa nyingi, kisha mbele yako inainuka milima iliyofunikwa misonobari hadi inaonekana myeusi. Naandika kwa ajili ya Mtanzania anayepanga safari hiyo, hasa aliyetoka ukanda wetu wa dhahabu, kwa sababu maelezo wanayopewa watalii huanzia katikati ya kisa.

Mtu aliyekulia Kahama au Geita hahitaji kufundishwa maana ya rashi. Habari inavuma kwamba mahali fulani mawe yanatoa, na wiki haiishi porini pameota maturubai, mama lishe, madalali, karasha na watu wa kila kabila. Deadwood ilizaliwa hivyohivyo mwaka 1876, ndani ya bonde jembamba lililojaa miti mikavu iliyokufa, na jina la mji limetokana na miti hiyo. Miaka miwili kabla, msafara wa jeshi ulioongozwa na George Armstrong Custer ulikuwa umeripoti dhahabu katika milima hiyo. Watu wakamiminika.

Tatizo ni kwamba milima ilikuwa na wenyewe. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868, uliotiwa saini na Serikali ya Marekani yenyewe, uliitambua Black Hills kuwa ardhi ya Wasioux. Walakota, ambao ni sehemu ya taifa hilo, huiita Pahá Sápa, na kwao ni mahali patakatifu. Kwa hiyo vibanda vya kwanza vya Deadwood vilisimama kinyume cha sheria ya Marekani. Badala ya kuwaondoa wavamizi, Bunge la Marekani liliichukua ardhi mwaka 1877. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1980, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba ardhi ilitwaliwa bila fidia ya haki, ikaidhinisha malipo ya zaidi ya dola milioni 100. Wasioux walizikataa. Wanataka milima yao. Fedha hizo bado zimekaa serikalini, zimezaa riba hadi kupita dola bilioni 1, na hawajazigusa, ingawa baadhi ya maeneo yao ni miongoni mwa maskini kabisa nchini humo.

Nimeliweka hili mbele kwa makusudi. Ukishuka kwenye gari pale Main Street, utakachokutana nacho kwanza ni Wild Bill Hickok. Huyu alikuwa mpiga bastola mashuhuri aliyeuawa tarehe 2 Agosti 1876, akicheza karata katika baa inayojulikana kama Saloon No. 10, kwa risasi ya Jack McCall iliyompiga kisogoni. Majira ya joto mauaji yake huigizwa mbele ya watalii. Kaburi lake liko juu ya mji, katika makaburi ya Mount Moriah, kando ya lile la Calamity Jane, mwanamke aliyejulikana kwa kuvaa na kuishi kama wapanda farasi wa kiume. Panda huko, mlima ni mkali lakini bonde lote linaonekana. Tafuta pia habari za Wachina waliofika na rashi ileile, wakafungua maduka na nyumba za kufulia nguo. Fee Lee Wong alikuwa mfanyabiashara aliyeheshimika mjini, na wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya mtaa wao. Katika simulizi za barabarani watu hawa hutajwa kwa sentensi moja, na Walakota mara nyingine hawatajwi kabisa. Inaniuma, kwa sababu najua namna kisa cha dhahabu kinavyochagua nani akumbukwe.

Sasa turudi Lead, kwa sababu hapo ndipo dhahabu ilipokuwa hasa. Ile ya Deadwood ilikuwa ya mtoni, ya kuchekecha kwa karai, na iliisha upesi. Mwamba wenyewe uligunduliwa Aprili 1876 na ndugu wawili, Fred na Moses Manuel, pamoja na wenzao. Walikuwa wachimbaji wadogo, kwa lugha yetu. Mwaka uliofuata tajiri wa California, George Hearst, alilinunua eneo lao kwa dola 70,000. Mwanawe, William Randolph, ndiye aliyekuja kuwa mwenye magazeti maarufu. Kutoka kwenye mwamba huo zilitoka zaidi ya wakia milioni 40 za dhahabu kwa miaka kama 125, na mashimo yalishuka hadi mita 2,400 hivi chini ya ardhi. Kwa sehemu kubwa ya muda huo dhahabu ilikamatwa kwa zebaki, na marudio yalimwagwa kwenye kijito cha Whitewood. Yeyote aliyewahi kusimama mwaloni akimtazama kijana anakamua zebaki kwenye kitambaa kwa mikono mitupu ataelewa kwa nini nilisimama muda mrefu kando ya kijito kile.

Wako watakaosema kisa ni kilekile: mdogo anagundua, mkubwa anachukua. Nami nilidhani hivyo nikiwa njiani. Lakini Manuel na wenzake waliuza, wakalipwa, wakaondoka kwa hiari yao. Bulyanhulu, Agosti 1996, maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa kwa amri. Baba mdogo alikuwa mmoja wao. Alitembea na godoro kichwani. Ukitaka kumtafuta mwenzake katika historia ya Black Hills, usimtafute kwenye sanamu za wachimbaji. Mtafute kwa Walakota.

Swali alilotaka jibu baba mdogo lilikuwa jingine: Deadwood, mji wa watu kama 1,200 tu, dhahabu imeisha zamani, unaishije? Kwa Kahama hili si swali la udadisi. Buzwagi ilifunguliwa 2009 na kufungwa 2021. Lead ilikuwa na miaka 125 ya kujiandaa, sisi tulikuwa na 12.

Deadwood ilikaribia kufa mara kadhaa. Moto wa Septemba 1879 uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa mbao, ukajengwa upya kwa matofali na mawe, na hayo ndiyo majengo unayoyaona leo. Mwaka 1961 serikali kuu iliutambua mji kuwa alama ya kihistoria ya taifa, lakini heshima hiyo haikuja na hela za kuezeka mapaa. Majengo yaliendelea kuchakaa. Desemba 1987 moto mwingine ukala jengo kubwa katikati ya mji, na hapo wakazi wakaamua kufanya kampeni ya jambo zito: kuruhusiwa kuendesha kamari. Wapiga kura wa jimbo walikubali mwaka 1988, na kamari ikaanza rasmi tarehe 1 Novemba 1989. Wakati huo nje ya Nevada na Atlantic City hapakuwa na mji mwingine Marekani wenye ruhusa ya namna hiyo. Dau la juu liliwekwa dola 5. Sharti lililofanya mpango uwe na maana ni kwamba sehemu ya mapato ya mji iende kwenye kuhifadhi majengo na kumbukumbu.

Mimi kamari siipendi. Nimewaona wenzetu wakiacha mshahara wa wiki mbili kwenye zile mashine usiku mmoja, na kama unasafiri na mtu mwenye udhaifu huo, lala Lead au Spearfish, usilale Deadwood. Hata hivyo siwezi kukana ninachokiona: kuta zilizopigwa lipu upya, madirisha ya mbao yaliyotengenezwa kwa kufuata picha za zamani, jumba la makumbusho la Adams lililofunguliwa mwaka 1930 na bado linapendeza. Mji wa kihistoria haudumu kwa sababu ni wa zamani. Mtu alikaa kikaoni akaandika fedha ya kuutunza itatoka wapi.

Lead wenyewe walichukua njia nyingine, na kwangu ndiyo inayosisimua zaidi. Mgodi ulipokuwa hai uliwahi kuumeza mji: ardhi ilititia, na sehemu ya mtaa wa biashara ikabidi ivunjwe na kuhamishwa. Ulipofungwa, pampu zilizimwa mwaka 2003 na maji yakaanza kupanda ndani ya mashimo. Lakini chini mle kulikuwa na kitu ambacho si dhahabu. Tangu miaka ya 1960 mwanasayansi Ray Davis alikuwa ameweka tangi la lita zaidi ya 370,000 za dawa inayotumiwa na madobi wa nguo za sufi na suti, kiasi cha mita 1,480 chini ya ardhi, ili kunasa nyutrino, chembe ndogo mno zitokazo kwenye jua. Mwamba mnene ulizuia sehemu kubwa ya mnururisho mwingine usivuruge kipimo. Mwaka 2002, mwaka mgodi ulipoachwa, Davis alishinda Tuzo ya Nobel. Mwaka 2006 Barrick ililitoa eneo hilo kwa jimbo, tajiri mmoja wa Sioux Falls, T. Denny Sanford, akachangia dola milioni 70, pampu zikawashwa tena 2008, na leo kuna maabara kubwa ya chini ya ardhi. Kituo chake cha wageni kiko ukingoni mwa shimo. Hapo ndipo nilipopiga ile picha.

Ukipanga safari, nenda kati ya Juni na Septemba. Lead iko juu na theluji yake si ya mchezo. Anzia Lead asubuhi, ulione shimo, kisha ushuke Deadwood. Na ukiwa na saa moja ya ziada, ulizia kituo cha Homestake Adams mjini Deadwood, mahali zinapohifadhiwa nyaraka za mgodi, ramani na picha. Watalii wengi hawafiki. Mimi nilikaa mle mchana kutwa.

Kwetu Buzwagi mipango ipo. Eneo limetengwa kwa uwekezaji wa viwanda, na chuo cha mafunzo ya kampuni kimewekwa hapohapo. Naomba kwa dhati vifanikiwe, maana mpangaji aliyehama Nyasubi mwaka 2021 aliacha chumba kitupu, na mwenye nyumba alikuwa amekopa akitegemea kodi yake. Ila katika mipango yote niliyoisoma sijaona palipoandikwa zitakapowekwa kumbukumbu.

Nilimweleza baba mdogo habari za kile kituo cha nyaraka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Kwa hiyo ramani za mashimo yao wanazo. Sisi maduara yetu tuliyaita majina, nani anayajua?” Usiku ule alianza kunitumia sauti, mojamoja. Duara linaitwaje, lilikuwa la nani, nani alishuka, nani alivuta kamba, yupi alitoka Nzega na yupi Sengerema. Nayaandika kwenye daftari. Mpaka leo zimefika sauti kumi na moja. Katika ya mwisho alisita akitafuta jina la fundi aliyekuwa akifunga matimba, akasema atamuuliza mama mdogo, kwa kuwa yeye na mke wa yule fundi walikuwa wakiuza uji pamoja.