Shule za Wahindi wa Nairobi na Lugha ya Darasa la Kwanza

Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya, inayojulikana kwa kifupi kama KICD, ndiyo huandaa silabasi na kuidhinisha vitabu vya kiada vinavyosomwa na watoto wa nchi nzima, nayo iko katika Barabara ya Desai, karibu na Barabara ya Murang'a, si mbali na katikati ya jiji la Nairobi. Taasisi hiyo ilianza mwaka 1957 ikiwa kituo kidogo cha ufundishaji wa Kiingereza, na wanafunzi waliofikiriwa kwanza hawakuwa watoto wa Kiafrika waliojaa vijijini, bali watoto wa jamii za Kihindi waliosoma katika shule za mjini. Anayetaka kujua kwa nini mtoto wa Kenya mwenye umri wa miaka sita hufundishwa kuhesabu kwa Kiingereza hana budi kuanzia katika shule hizo za Ngara, Parklands na Pangani, kwa kuwa humo ndimo jambo hilo lilimojaribiwa kabla ya kuenezwa kwa wengine wote.

Reli ya Uganda ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 kwa nguvu za vibarua wa mkataba wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, na ingawa wengi wao walirudi kwao mkataba ulipokwisha, maelfu kadhaa walibaki, wakaungana na makarani, mafundi na wafanyabiashara waliokuja kwa nauli zao wenyewe. Mwaka 1906 ilianzishwa shule kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa reli, shule ambayo baadaye iliitwa Duke of Gloucester na ambayo leo ni Shule ya Upili ya Jamhuri. Miaka mitatu baadaye serikali ya kikoloni ilimwita Profesa Nelson Fraser, mtaalamu aliyekuwa amefanya kazi ya elimu Bombay, aishauri juu ya shule za koloni jipya. Ushauri wake ulisaidia kuimarisha mgawanyo uliodumu kwa zaidi ya nusu karne: Wazungu na shule zao, Wahindi na zao, na Waafrika wapewe zaidi mafunzo ya kazi za mikono. Idara ya Elimu iliundwa mwaka 1911 ikiwa na mgawanyo huo ndani yake, na hadi uhuru ulipokaribia watoto wa rangi tatu walikuwa wakifanya mitihani mitatu tofauti ya kumaliza shule ya msingi.

Serikali ilitoa ruzuku, lakini sehemu kubwa ya shule za Wahindi ilijengwa kwa michango ya jamii zenyewe. Arya Samaj, harakati ya marekebisho ya dini ya Kihindu iliyoasisiwa mwaka 1875, ilifungua shule ya wasichana Nairobi mwaka 1910. Masingasinga, Waismailia na Waoshwali wakajenga zao. Na Wagoa, ambao walikuwa Wakatoliki na walijitenga kwa kiasi fulani na Wahindi wengine, wakapata shule yao Parklands, yenye jina la Daktari Rosendo Ribeiro, tabibu ambaye wakazi wa Nairobi ya mwanzo walimjua kwa kupanda punda milia akienda kuwatazama wagonjwa. Juhudi za jamii hizi kwa wasichana zinastahili sifa ya pekee, kwa sababu sheria ya elimu ya mwaka 1942 ilipofanya shule kuwa ya lazima kwa Wahindi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu, iliwalazimisha wavulana tu. Binti aliyesoma katika miaka hiyo alisoma kwa sababu jamii yake ilimjengea darasa, wala si kwa sababu serikali ilimkumbuka.

Tatizo kubwa la ndani ya shule hizi lilikuwa lugha. Neno Wahindi, na baadaye Waasia, jina rasmi lililotumiwa baada ya India na Pakistani kugawanyika mwaka 1947, lilifunika watu wasiosikilizana kwa urahisi. Mtoto mmoja alizungumza Kigujarati nyumbani, wa pili Kikachi, wa tatu Kipunjabi, wa nne Kikonkani, na mtoto wa Kiislamu kutoka Punjab alitarajiwa kusoma Kiurdu. Hata maandishi yalitofautiana: Kigujarati kina herufi zake zinazoandikwa kutoka kushoto, Masingasinga huandika Kipunjabi kwa herufi za Gurmukhi, na Kiurdu huandikwa kutoka kulia kwa herufi zilizotokana na Kiarabu. Shule ya serikali iliyotaka kumfundisha kila mtoto kwa lugha ya mama ililazimika kugawa darasa moja kuwa mikondo kadhaa, kila mkondo na mwalimu wake, vitabu vyake kutoka India, na ratiba yake, ilhali vyumba vilikuwa haba. Kisha, baada ya miaka michache, watoto hao wote waligeuziwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani wa Cambridge uliokuwa ukiwasubiri mwishoni mwa sekondari uliandikwa kwa lugha hiyo. Wengi walijikuta wakisoma historia na jiografia kwa maneno ambayo hawakuwahi kuyazungumza na yeyote.

Njia ya kufundisha nayo ilikuwa ya kukariri. Watoto wa Kigujarati walikariri majedwali ya kuzidisha yanayoitwa ghadia, si hadi kumi na mbili tu bali kupita ishirini, na katika shule za kizamani walikariri pia majedwali ya robo, nusu, moja na robo, na moja na nusu. Haya hayakuwa mambo ya kipuuzi. Mtoto wa dukani aliyezaliwa enzi ambayo fedha ya Afrika Mashariki ilikuwa rupia, kama ilivyokuwa hadi mwaka 1920, na ambaye alipaswa kukadiria bei ya ratili moja na robo ya sukari huku mteja amesimama mbele yake, alihitaji hesabu iliyo tayari kichwani. Kasoro ilikuwa kwamba mbinu hiyo ilivushwa kutoka kwenye hesabu hadi kwenye kila somo, hata mtoto akawa anakariri maelezo ya mito na wafalme jinsi alivyokariri ghadia, na mwalimu akawa anapima elimu kwa usahihi wa marudio. Uzoefu wa shule za India zilizoendeshwa na Waingereza, ambako mtihani wa nje ndio ulioamua kazi ya karani, ulikuwa umehamia Nairobi pamoja na walimu na vitabu.

Hata hivyo, India hiyo hiyo ilizaa wapinzani wakubwa wa kukariri, na mmoja wao alikuwa amewahi kuishi Afrika Mashariki. Gijubhai Badheka, aliyezaliwa Gujarat mwaka 1885, alikuja huku mwaka 1907 kutafuta riziki, akarudi kwao mwaka 1909, akawa wakili, kisha akaacha uwakili na kufungua shule ya watoto wadogo mjini Bhavnagar mwaka 1920. Humo alifuata mafundisho ya Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyesisitiza kwamba mtoto hujifunza kwa kushika, kupanga na kuchagua kazi yake mwenyewe, lakini Gijubhai aliyapa mafundisho hayo sura ya Kigujarati kwa hadithi, nyimbo, michezo na vitu vya nyumbani. Kitabu chake mashuhuri, Divaswapna, kinasimulia mwalimu anayepewa darasa la nne na kulifundisha bila fimbo. Baadaye, mwaka 1937, Mahatma Gandhi naye alipendekeza katika mkutano wa Wardha elimu ya miaka saba iliyojengwa juu ya kazi ya mikono na kufundishwa kwa lugha ya mama. Jamii za Kihindi za Nairobi zilimheshimu Gandhi kiasi kwamba alipouawa mwaka 1948 zilichangisha fedha za kujenga chuo kwa jina lake, fedha zilizounganishwa na za Chuo cha Kifalme cha Ufundi, ambacho kilipokea wanafunzi wa rangi zote mwaka 1956 na ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini kuhusu lugha ya mama wazazi wa jamii hizo hawakumfuata. Walikuwa wachache katika nchi ngeni, waliona kwamba mlango wa kazi na wa chuo hufunguliwa kwa Kiingereza, na si haki kuwalaumu.

Kituo cha mwaka 1957 kilianzishwa katika mazingira hayo, nacho kilifanya mambo mawili kwa pamoja, ambayo msomaji anapaswa kuyatenganisha. Jambo la kwanza lilikuwa lugha: Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza, ili Mgujarati na Mpunjabi waketi pamoja na wasigeuziwe lugha katikati ya safari. Jambo la pili, ambalo wengi hulisahau, lilikuwa njia. Madawati yaliyopangwa kwa safu yalivunjwa na watoto wakakaa kwa vikundi. Kundi moja lilicheza duka kwa makopo matupu na sarafu za karatasi huku likijifunza kusema bei, jingine lililinganisha picha na vipande vya sentensi, jingine lilipima maji kwa vikombe. Mwalimu alipewa mwongozo mnene uliomweleza somo hatua kwa hatua, alifundishwa kwanza jinsi ya kuutumia, na mkaguzi alimtembelea mara kwa mara kumsaidia. Watoto walizungumza sana kabla ya kuandika. Matokeo ya madarasa ya mwanzo yaliwafurahisha wakuu wa elimu, na ilikuwa haki yao kufurahi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpango ulipelekwa katika shule za Waafrika kwa jina la Mbinu Mpya ya Elimu ya Msingi. Tume ya Simeon Ominde, iliyoundwa wakati wa uhuru mwaka 1963 na kutoa ripoti yake mwaka uliofuata, ilipendekeza ubaguzi wa rangi shuleni ufutwe, ikaunga mkono Kiingereza kama lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, pamoja na kupendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima. Wazazi wa kila wilaya walitaka watoto wao wapate kile walichokipata watoto wa Parklands. Mbinu Mpya ikaenea kwa kasi iliyozidi uwezo wa kuwaandaa walimu, ikaingia katika madarasa yenye watoto wengi kupita kiasi, yasiyo na picha, makopo wala mwongozo, na mkaguzi hakufika. Kilichosalia kikawa Kiingereza peke yake, kikifundishwa kwa njia ileile ya kukariri ambayo mpango ulikuwa umekusudia kuiondoa. Hilo ndilo kosa kubwa la historia hii, kwa maana sehemu ya mpango iliyokuwa na thamani zaidi ndiyo iliyoachwa njiani. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilijaribu kurekebisha mambo kwa kupendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya kwanza, na Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, unashikilia sera hiyohiyo.

Baada ya uhuru, shule za Wahindi zenyewe nazo zilibadilika. Walimu wengi wa Kihindi waliondoka baada ya sheria za uhamiaji na za biashara za mwaka 1967, na shule za serikali zikapewa majina mapya na kufunguliwa kwa wote. Jamii zilizobaki, ambazo mwaka 2017 serikali ilizitambua kuwa kabila la 44 la Kenya, zinaendelea kumiliki shule zinazoheshimika upande wa magharibi wa jiji. Oshwal Academy hufuata mitihani ya Cambridge, na Aga Khan Academy mtaala wa Baccalaureate ya Kimataifa. Kigujarati na Kipunjabi vimehamia katika madarasa ya jioni na ya mwishoni mwa juma kwenye mahekalu na gurdwara za Masingasinga, na wazee wa jamii hizo husikitika kwamba wajukuu huelewa lugha ya nyumbani lakini hujibu kwa Kiingereza. Sikitiko hilo linafanana na lile la bibi wa Kikuyu au wa Kiluo anayekaa mtaa wa Kangemi.

Mawazo kutoka India bado yanafika, safari hii kupitia mashirika ya kiraia. Pratham, lililoanzishwa Mumbai katika miaka ya 1990, lilianza mwaka 2005 kupima watoto nyumbani kwa maswali mepesi ya kusoma na kuhesabu, na mwaka 2009 mpango wa Uwezo ukafanya vivyo hivyo Kenya, Tanzania na Uganda, ukabaini watoto wengi wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Pratham pia lilibuni njia ya kuwapanga watoto kwa kiwango wanachokijua badala ya umri wao, njia ambayo shirika la Zizi Afrique limeitumia katika kaunti kadhaa za Kenya. Watoto huketi kwa vikundi, husoma kadi, hucheza na vijiti vya kuhesabia, na mwalimu huwapima tena baada ya wiki chache. Kwa sura yake ya nje, darasa kama hilo linakaribia sana lile la mwaka 1957, ila linafundishwa kwa lugha ambayo mtoto anaifahamu.

Nairobi haina lugha moja ya mama, na katika hilo darasa la mtaa wa Kawangware leo lina shida ileile iliyolikabili darasa la Ngara miaka ya 1950. Tofauti ni kwamba watoto wa Kawangware, na watoto wa Westlands pia, wana Kiswahili, lugha wanayoisikia kibandani, kwenye matatu na uwanjani, na ambayo sera inaruhusu itumike hadi Gredi ya 3. Shule nyingi za binafsi hazifanyi hivyo kwa kuwaogopa wazazi. Basi mzazi anayetafuta shule asiulize tu kama mtoto ataongea Kiingereza kufikia mwisho wa mwaka. Aombe kuingia darasani, atazame kama watoto wanazungumza au wanaitikia kwa pamoja, na aulize mwalimu alifundishwa wapi kazi yake na nani humtembelea kumsaidia.