Kiungulia na Tumbo Kujaa: Maradhi Mawili, Dawa si Moja



Barazani hapa Ngao, baada ya sala ya Ijumaa, swali la tumbo halikosekani. Mmoja hulalamika kuwa kifua chamwaka kila alalapo. Mwingine tumbo limemfura kama ngoma na hewa haitoki. Wote wawili huelekezwa dawa moja: tangawizi, tena kali. Matabibu wa Bara Hindi, ambao viungo vya nchi yao viliingia majikoni mwetu kwa majahazi, hawakuyachanganya maradhi haya.

Elimu yao huitwa Ayurveda, yaani elimu ya uhai. Katika mambo ya tumbo, msingi wake ni moto waliouita agni. Moto huo ndio unaokipika chakula mara ya pili, baada ya jiko la nyumbani. Ukiwa dhaifu, chakula hukaa kikachacha, na upepo hujaa tumboni. Ukizidi ukali, huunguza. Na kile kiungulia chenye maji makali yanayopanda kooni wakakiita amlapitta, yaani nyongo yenye uchachu. Wazee wetu wa pwani, waliorithi tiba ya Kiyunani kwa njia ya Waarabu, hawatalishangaa jambo hili, kwani nao hupambanua vyakula vya moto na vya baridi.

Basi mwenye tumbo kujaa ndiye wa tangawizi kavu, bizari nyembamba iliyokaangwa, na chembe ya mvuje katika chungu cha mbaazi au maharage. Tena ana bahati ya kukaa jirani na wafugaji: maziwa yaliyoganda, yakasukwa, siagi ikaondolewa, kisha yakatiwa maji na bizari ya kukaanga, Wahindi huyasifu mno baada ya chakula cha mchana.

Mwenye kiungulia, tangawizi hiyo hiyo kavu humwongezea kuni. Yeye huelekezwa kwenye viungo vya baridi: shamari ya kutafuna baada ya kula, iliki, na mbegu za giligilani zilizopondwa kidogo, zikalowekwa usiku, maji yake yakanywewa asubuhi. Embe bichi kwa chumvi na pilipili, ambalo msimu wake ukifika hapa kwetu hatulali, aliache. Haya ni maelezo ya matabibu wa kale na utafiti wa kisasa juu yake bado ni mchache. Kwa hiyo mtu ajaribu kidogo kidogo na auangalie mwili wake.

Lililonivutia zaidi si viungo. Kitabu kinachonasibishwa kwa Charaka, mmoja wa mabwana wakubwa wa elimu hiyo, kinaligawa tumbo mafungu matatu: fungu la chakula kigumu, fungu la vinywaji, na la tatu huachwa wazi. Aliyesoma hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib, Allah amuwie radhi, iliyomo katika Tirmidhi, atakumbuka mara moja theluthi tatu alizotufundisha Mtume (S.A.W.): ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi. Sisi twaijua hadithi hiyo kwa ulimi, kisha baada ya Isha twashindilia wali wa nazi na samaki, na kwa kuwakimbia mbu twaingia ndani ya chandarua papo hapo. Asidi hupanda kwa urahisi mtu alalapo na tumbo limejaa. Saa tatu kati ya chakula na kitanda zinamfaa mgonjwa huyu kuliko vikombe vitatu vya dawa.

Je, yafaa Muislamu kutumia tiba ya watu wa dini nyingine? Yafaa, maadamu haina shirki, hirizi wala kitu cha haramu. Mnamo mwaka 850, Ali bin Sahl al-Tabari alitenga sehemu nzima ya kitabu chake Firdaus al-Hikma kwa ajili ya tiba ya Wahindi, na wanazuoni wakaisoma.

Lakini jikoni ni jikoni, na unga wa kopo usiojulikana ni jambo jingine. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani karibu na Boston. 14 kati yake zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Magadi nayo, ambayo wengi huyakoroga na kunywa, yakikutana na asidi huzaa hewa zaidi tumboni, na chumvi yake humdhuru mwenye shinikizo la damu.

Yapo pia maradhi yasiyoondoka kwa giligilani. Mwaka 1982 huko Australia, Barry Marshall na Robin Warren waligundua bakteria wanaosababisha vidonda vingi vya tumbo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vidonda hivyo hutibiwa kwa antibiotiki baada ya kupimwa. Vingine huletwa na vidonge vya maumivu, kama aspirini na diklofenaki, vinavyomezwa kila siku baada ya shamba. Atakayeona choo cheusi kama lami, akatapika damu, akakonda bila sababu au chakula kikamkwama kooni, asingoje kuloweka mbegu yoyote. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Kadhalika maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi pamoja na jasho: hayo huenda ni ya moyo.

Mwenye vidonda amuone daktari kabla ya Ramadhani, si baada ya siku kumi za kuteseka. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, naye hulipa siku nyingine akipona. Aliyeruhusiwa kufunga afuturu kwa tende na maji, aswali Magharibi, kisha ale kwa utulivu, bajia na viazi karai vya pilipili akiwaachia wengine. Daku aichelewesha kama ilivyo sunna, na akishaswali Alfajiri akae na msahafu wake kwanza, kitanda kingoje.