Kutembea Nyanza Pamoja na Watoto



Msimu wa karafuu ukimalizika na fedha ikishatoka mizanini, aghlabu huwa imekwisha kujua njia yake: arusi, bati la nyumba, deni la dukani. Hata hivyo wako wanachama waliouliza afisini wapi yafaa kuwapeleka watoto wakati wa likizo ya skuli, mahali ambapo watatembea kwa miguu na pia watajifunza jambo. Jawabu letu ni Usagara na Mwanza, kwenye ufuko wa ziwa Nyanza (Victoria). Hapa twaeleza kwa nini, na nini cha kujihadhari nacho.

Kwanza, jina lisikupotezeni. Usagara tunayoitaja si ile nchi ya Wasagara iliyo karibu na Kilosa. Hii ni njia panda iliyo kusini ya Mwanza, katika wilaya ya Misungwi. Anayetoka Shinyanga kwa basi hufika hapo kabla ya kuingia mjini. Barabara moja huendelea Mwanza, na nyingine hushika magharibi hadi Kigongo. Zamani msafiri alisubiri kivuko hapo. Tangu Juni 2025 pana daraja la urefu wa kilometa 3 hivi, linalovuka ghuba mpaka Busisi, na kutoka huko njia yaenda Sengerema na Geita.

Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800 hivi, yaani zaidi ya mara 40 ya kisiwa cha Unguja. Na khabari zake si ngeni kwetu. Wafanya biashara Waarabu wa Tabora, wenye jamaa zao Unguja, walilijua kabla Mzungu hajalitia machoni. Mwingereza Speke alipolifikia karibu na Mwanza mwezi wa Agosti 1858, aliongozwa na khabari zao, na pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, aliyetoka Unguja na msafara. Mtoto akiambiwa haya akiwa amesimama ufukoni, hatayasahau upesi.

Ama kwa matembezi ya miguu, nchi ya Mwanza ni ya majabali makubwa yaliyopandana kama magunia ghalani. Kisiwa cha Saanane ki karibu na mji, na mashua hufika kwa muda mfupi. Kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote katika Tanzania. Mna swala, tumbili na pimbi, na njia za kupanda majabalini ambazo hata mtoto wa miaka minane huziweza. Nendeni asubuhi mapema, kwani jua likipanda mawe huwaka. Vaeni viatu vya mpira, ndara huteleza.

Siku ya pili ni ya Bujora, karibu na Kisesa, kiasi cha kilometa 20 kutoka mjini kwa njia ya Musoma. Hapo pana makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na padri wa Kanada, David Clement. Ingawa yamo katika uwanja wa misheni, kinachoonyeshwa ni mambo ya wenyeji: ngoma za watemi, kiti cha enzi, kazi ya wahunzi, nyumba ya mganga. Mtaelezwa pia juu ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu zamani nani atavuta watu wengi zaidi. Mwezi wa Juni huwa na sikukuu ya Bulabo, na hapo vyama hivyo hushindana hadharani, wengine wakicheza na nyoka.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wakulima. Katika safari hii mtapita mashamba ya pamba. Wakulima wa huko, wakiongozwa na Paul Bomani, walichoshwa na mizani ya walanguzi, wakaunda vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation, ambayo baadaye ilimiliki viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Mwana wa mkulima wa karafuu anayejua khabari hii ataelewa kwa nini baba yake huhudhuria mikutano ya chama.

Sasa hadhari. Sisi watu wa bahari hudhani maji yote tumeyazoea. Sivyo. Maji ya ziwa hayana chumvi, nayo humwelesha mtu kidogo kuliko ya bahari. Tena pembeni penye majani hukaa konokono wa kichocho. Kichocho cha kwetu huleta damu katika mkojo. Cha ziwani hushambulia matumbo na ini. Mdudu wake hupenya ngozi kwa dakika chache tu, kwa hiyo msiwaache watoto waoge ufukoni. Pana na mamba na viboko. Aliyekwisha kuingia majini na apimwe baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli.

La pili ni malaria. Visiwani kwetu imepungua mno, na kwa sababu hiyo watoto wetu hawana kinga. Nchi za ziwa bado inayo kwa wingi. Muulizeni daktari kabla ya safari, chukueni vyandarua, na mtoto akipata homa mkiisha kurudi, apimwe siku ile ile na mumwambie mganga alikotoka.

La tatu ni vyombo. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakafa. Wengi wamezikwa Igoma. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 2018. Sisi tuliozika watu wa Spice Islander mwaka 2011 hatuhitaji kuelezwa zaidi. Chombo kilichojaa kupita kiasi kiacheni kiende. Anayekwenda Ukerewe na ahakikishe kila mtoto ana jaketi lake la kuokolea kabla ya kamba kufunguliwa.

Siku tano zatosha, bila ya kuhesabu njia. Anayetaka kupunguza gharama aweza kupanda treni ya Dar es Salaam hadi Dodoma, kisha basi. Wanachama wawili watatu wakisafiri pamoja, gari la kukodi hugawanyika, na wazee huangaliana watoto. Wanaokusudia likizo ijayo na waandikishe majina afisini mapema.

Katibu wa Chama